Iko Wapi, na Inamfikiaje Mtoto? Mwongozo wa Kusomea Ukaguzi wa Rangi Yenye Risasi Marekani

Mwambie mama wa Kikongo aliyehamia juzi mjini Lewiston, Maine, kwamba ukuta wake una risasi, uone kitu cha kwanza atakachotafuta. Atatafuta tundu. Wala usimcheke, maana Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu viwili: kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki, na madini mazito, laini, ya kijivu, ambayo kwa miaka mingi yalitiwa kwenye rangi ili iwe imara na istahimili maji. Msomaji wa Mombasa anayajua madini haya kwa msiba wa Owino Uhuru, mtaa uliochafuliwa na kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu za magari. Huko yalikuja na moshi. Katika nyumba za Marekani yanakuja na vumbi la rangi, na mtoto huyala kwa kulamba kidole.

Marekani ilipiga marufuku rangi hiyo majumbani mwaka 1978. Marufuku haikubandua iliyokwisha kupakwa. Takwimu zinazotumiwa na Shirika la Hifadhi ya Mazingira la nchi hiyo, EPA, zinasema kwamba asilimia 87 ya nyumba zilizojengwa kabla ya 1940 zina rangi yenye risasi. Kwa zile za 1940 hadi 1959 ni asilimia 69, na za 1960 hadi 1977 ni asilimia 24. Nyumba kuukuu mara nyingi ndiyo yenye kodi nafuu, na kodi nafuu ndiyo anayoanza nayo mgeni. Mwaka 2000, huko New Hampshire, mtoto wa miaka miwili wa familia ya wakimbizi kutoka Sudan alifariki kwa sumu ya risasi wiki chache tu baada ya kufika.

Mwaka 1992 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kupunguza hatari hii majumbani, na humo zikazaliwa kazi zenye vyeti: mkaguzi wa rangi yenye risasi, na mtathmini wa hatari, ambaye kwingine huitwa mchunguzi wa hatari. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako unayeishi huko, umechoka na zamu za ghala, na umesikia kwamba fani hii inasomewa kwa wiki moja tu. Ni kweli, darasa ni la wiki moja. Lakini kuna mambo ya kujua kabla hujalipa ada, na mengine utakayojifunza nje ya darasa.

Kazi mbili, maswali mawili

Ukishika maswali mawili, mengine yote yatakaa mahali pake.

Mkaguzi anajibu swali moja: rangi yenye risasi iko wapi? Anapita nyumba nzima, chumba kwa chumba, sehemu kwa sehemu, akipima kila kilichopakwa rangi. Kwa sheria ya shirikisho, rangi huhesabiwa kuwa yenye risasi ikiwa na miligramu 1.0 au zaidi kwa sentimita ya mraba, au asilimia 0.5 ya uzito wake. Mkaguzi anaorodhesha: mlango huu ndiyo, ukuta ule hapana. Anaishia hapo.

Mtathmini anajibu swali la pili: risasi hiyo inamfikiaje mtoto, na tufanye nini? Si kila rangi yenye risasi ni hatari leo. Ubao wa ukutani uliopakwa mwaka 1930, ukafunikwa na rangi nyingine mara tano, ukawa mzima bila ufa, unaweza kukaa bila kumdhuru mtu. Dirisha la kupandisha na kushusha lenye rangi ileile ni jambo jingine. Kila likifunguliwa, mbao husuguana, rangi husagika, na vumbi huangukia palepale mtoto anapoweka mikono ili achungulie nje. Mtathmini hutafuta sehemu zinazosuguana, zinazogongwa, na zile zenye alama za meno ya watoto. Hutafuta rangi inayobanduka, hupima vumbi na udongo wa uani, kisha huandika njia za kutibu: ipi ya haraka, ipi ya kudumu.

Usivuke mpaka huu. Cheti cha mkaguzi hakikupi ruhusa ya kutia sahihi ripoti ya hatari wala kumpangia mwenye nyumba namna ya kuidhibiti. Mtathmini, kwa kuwa amesomea vyote viwili, anaweza kufanya kazi zote mbili. Na wote wawili wanaruhusiwa kufanya ukaguzi wa mwisho baada ya mafundi kuondoa rangi, ule unaoamua kama familia inaweza kurudi ndani.

Usichanganye vyeti hivi na kile cha fundi wa ukarabati salama, kinachopatikana kwa darasa la saa 8. Hicho ni cha wanaobomoa na kupaka rangi katika nyumba za kabla ya 1978. Wapo watu waliokichukua wakidhani wamekuwa wakaguzi, na wakagundua kosa siku ya kuomba kazi.

Hatua ya kwanza: jua jimbo lako liko chini ya nani

Majimbo mengi huendesha mpango wake kwa idhini ya EPA. Ohio, Minnesota, Massachusetts, Maine na Texas yamo katika kundi hilo. Machache, yakiwemo Florida, Arizona na New York, yako chini ya EPA moja kwa moja. Hili linabadilisha mambo mengi: unaomba wapi, unalipa nani, unafanya mtihani upi, na cheti chako kinaishi miaka mingapi.

Masharti nitakayoyataja hapa ni ya shirikisho. Ndiyo kima cha chini. Jimbo linaweza kuongeza saa, uzoefu au ada, na mara nyingi huongeza. Kwa hiyo fungua kwanza ukurasa wa idara inayohusika katika jimbo lako, aghalabu ni idara ya afya, usome masharti ya fani yako. Na ukumbuke kwamba cheti cha jimbo moja hakivuki mpaka chenyewe. Ukikaa Cincinnati, Ohio, na kazi iko Kentucky, ng'ambo ya mto tu, utahitaji idhini ya Kentucky pia.

Hatua ya pili: pima sifa zako

Kwa mkaguzi, sheria ya shirikisho haidai shahada wala miaka ya kazi. Inadai umalize kozi iliyoidhinishwa na ufaulu mtihani. Kwa anayeanza, mlango wa kuingilia ni huu.

Kwa mtathmini, lazima kwanza uwe umemaliza kozi ya mkaguzi, kisha ya mtathmini, na uwe na mojawapo ya haya:

- Shahada ya kwanza na mwaka 1 wa uzoefu katika fani inayohusiana, kama kazi za risasi, asbesto, usafishaji wa mazingira au ujenzi.
- Stashahada ya chuo cha miaka miwili na uzoefu wa miaka 2.
- Cheti cha taaluma, kwa mfano mhandisi, msanifu majengo aliyesajiliwa, mtaalamu wa afya mahali pa kazi au mtaalamu wa usalama.
- Cheti cha sekondari na uzoefu wa miaka 3.

Watu wetu wengi hujinyima kwenye orodha hii bila sababu. Aliyejenga nyumba Goma miaka minne amefanya kazi ya ujenzi. Aliyepaka rangi na kukarabati nyumba za kupanga Columbus miaka mitatu naye anayo hoja ya kupeleka. Kinachotakiwa ni ushahidi: barua ya mwajiri yenye tarehe, aina ya kazi na namba ya simu inayopokelewa. Anza kukusanya barua hizo sasa, kabla msimamizi wako wa zamani hajahama mji. Kama shahada yako ni ya Dodoma, Nairobi au Bujumbura, tarajia kuombwa tathmini inayoonyesha inalingana na shahada gani ya Marekani. Huchukua wiki kadhaa, na ina gharama yake.

Hatua ya tatu: darasani

Kozi ya mkaguzi haipungui saa 24, na kati ya hizo saa 8 ni za vitendo. Kozi ya mtathmini haipungui saa 16, na saa 4 ni za vitendo. Ukizijumlisha ni saa 40, yaani juma moja la kazi, na 12 kati yake uko na vifaa mkononi.

Katika saa za mkaguzi utasoma wajibu wa kazi, madhara ya risasi mwilini, sheria za shirikisho na za jimbo, namna ya kuchagua vyumba na sehemu za kupima, uchukuaji wa sampuli za rangi, vumbi na udongo, ukaguzi wa mwisho baada ya mafundi, uandishi wa ripoti na utunzaji wa kumbukumbu.

Katika saa za mtathmini kitabu kinapanuka. Utasoma kukusanya historia ya nyumba na ya familia, kutambua hatari kwa macho, kutafuta risasi isiyotoka kwenye rangi, kama ya maji, chakula na vyombo, kutafsiri majibu ya maabara, na kupanga njia za udhibiti. Nyingine ni za muda, mfano kurekebisha dirisha lisisuguane na kuosha vumbi kwa utaratibu. Nyingine ni za kudumu, mfano kung'oa dirisha lote.

Chagua chuo kilichoidhinishwa kwa fani yako hasa, na katika jimbo lako. Chuo kinaweza kuwa na idhini ya kufundisha mafundi na kisiwe nayo ya kufundisha wakaguzi. Orodha ziko wazi kwenye tovuti za EPA na za majimbo. Sehemu ya nadharia unaweza kuisoma mtandaoni pale inaporuhusiwa, lakini vitendo havifanyiki kwenye skrini. Ukiona tangazo la kozi nzima ya mkaguzi kwa simu, jioni mbili, na cheti kinatumwa kwa barua pepe, funga ukurasa huo.

Usitegemee pia madaftari ya rafiki aliyesoma zamani. Kiwango cha vumbi la sakafuni kilichotangazwa mwaka 2001 kilikuwa mikrogramu 40 kwa futi ya mraba. Baadaye kilishushwa hadi 10. Oktoba 2024 EPA ilitangaza kiwango cha kuchukua hatua cha mikrogramu 5 sakafuni, 40 kwenye ubao wa ndani wa dirisha, na 100 kwenye mfereji ambamo dirisha hufungia. Aliyekariri namba za 2001 leo angeipitisha nyumba yenye vumbi mara nane ya kiwango.

Kwa karibu: kitambaa kimoja cha vumbi

Zoezi litakalokupotezea alama nyingi kuliko mengine ni la kupangusa vumbi, kwa sababu linaonekana dogo. Mtu aliyedeki nyumba tangu utotoni hudhani hana la kujifunza.

Unavaa glavu mpya. Unaweka fremu ya kupimia sakafuni, inchi 12 kwa 12, ambayo ni kama sentimita 30 kila upande, na kuibandika kwa tepu isisogee. Unatoa kitambaa chenye unyevu cha aina inayokubaliwa na maabara. Vile vya dukani vya kufutia watoto havifai. Unakilaza kona ya juu, unakibonyeza sawasawa kwa vidole, unapangusa kutoka upande hadi upande huku ukishuka, mpaka eneo lote limepita chini ya mkono wako. Unakikunja, uchafu ukiwa ndani. Sasa unapangusa tena kwa kukatiza njia ya kwanza, kutoka juu kwenda chini. Unakunja tena. Mara ya tatu unafuata kingo na kona, ambako vumbi hujificha. Unakunja mara ya mwisho na kukitia kwenye kichupa kigumu cha plastiki chenye mfuniko. Usitumie mfuko wa nailoni, maana vumbi litanata kwenye kuta za mfuko na maabara itapokea kidogo kuliko ulichookota.

Unaandika namba juu ya kichupa kabla hujainuka. Unapima eneo, unaliandika. Unavua glavu. Sampuli inayofuata, glavu nyingine. Pamoja na sampuli zako unapeleka kitambaa kisichogusa kitu, ili maabara ijue kwamba risasi iliyoonekana imetoka nyumbani na haikuja na vitambaa. Na kila kichupa kinasafiri na fomu ya makabidhiano inayosema nani alichukua, nani alipokea, saa ngapi.

Kwa nini ukali wote huu? Mikrogramu 5 ni chembe ambazo jicho halioni. Glavu iliyogusa kizingiti kichafu ikarudia sakafu inaweza kuifelisha nyumba safi. Mpanguso wa haraka haraka unaweza kuipitisha nyumba chafu, na mtoto akarudishwa humo jioni ileile.

Hatua ya nne: mitihani na maombi

Kuna mitihani miwili, na wengi huusahau wa pili. Wa kwanza ni wa chuo, mwishoni mwa kozi, wa maandishi na wa vitendo. Ukifaulu unapewa cheti cha kumaliza kozi. Cheti hicho bado hakijakufanya mkaguzi.

Wa pili ni wa kuidhinishwa, na hautolewi na mwalimu wako. Kwa utaratibu wa shirikisho una miezi 6 tangu tarehe iliyo kwenye cheti cha kozi, na ndani yake huruhusiwi kuujaribu zaidi ya mara 3. Miezi ikipita hujafaulu, unarudi darasani kuanzia mwanzo na unalipa upya. Kwa hiyo usimalize kozi Aprili ukasema utafanya mtihani baada ya likizo. Panga tarehe ya mtihani siku unayolipia kozi, uufanye mambo yangali moto kichwani.

Uliza mapema mtihani unafanywa kwa lugha gani. Kama ni Kiingereza, na Kiingereza chako ni cha barabarani zaidi kuliko cha vitabuni, shida yako haitakuwa hesabu, itakuwa istilahi. Tengeneza daftari la maneno hamsini au sitini, kila moja na maelezo yake kwa Kiswahili. Mtu huelewa haraka tofauti ya kuondoa hatari moja kwa moja na kuidhibiti kwa muda akiisha kuieleza kwa lugha anayoiota.

Baada ya hapo unapeleka maombi: fomu, cheti cha kozi, matokeo ya mtihani, ushahidi wa elimu na kazi kama unaomba utathmini, na ada. Weka nakala ya kila karatasi.

Hatua ya tano: kampuni, mashine na maabara

Cheti chako peke yake hakitoshi kupokea kazi. Kampuni inayofanya kazi hizi nayo lazima iwe imeidhinishwa, hata ikiwa kampuni yenyewe ni wewe na gari lako. Kwa anayeanza, ushauri wangu ni kuajiriwa mwaka mmoja au miwili kwanza. Unapata mshahara, na uzoefu huo unahesabika kuelekea utathmini.

Sababu nyingine ni bei ya mashine. Wakaguzi hutumia XRF, kifaa cha mkononi chenye umbo la bastola, ambacho hurusha miale kwenye rangi na kusoma risasi hata ikiwa chini ya tabaka kadhaa, bila kukwangua chochote. Kinagharimu maelfu mengi ya dola. Baadhi vina chanzo cha mnururisho ndani, kwa hiyo vinahitaji leseni, mafunzo ya usalama ya pekee, na sehemu salama ya kuvihifadhi. Hukiachi ndani ya gari ukaenda kula ugali.

Kazi yenyewe nayo ina nidhamu yake. Ukuta unaotazama barabara unaitwa A. Kisha unazunguka kwa mwelekeo wa mshale wa saa, B, C, D, katika kila chumba, ili yeyote atakayesoma ripoti yako miaka kumi baadaye aujue ukuta uleule. Unaandika kilicho chini ya rangi: mbao, plasta, jipsamu, chuma, zege au tofali, kwa kuwa mashine inaweza kusoma tofauti juu ya kila kimoja. Unaijaribu mashine kwenye kibao cha kipimo kinachojulikana kabla ya kuanza, angalau kila baada ya saa 4, na ukimaliza. Pale isipoamua, unachukua kipande cha rangi kwenda maabara. Maabara nayo isiwe ya mtaani tu. Iwe imetambuliwa katika mpango wa kitaifa wa maabara za risasi.

Ripoti zako zinatunzwa kwa muda usiopungua miaka 3. Ziandike ukijua kwamba wakili anaweza kuzisoma.

Jambo la heshima: usikague kazi ya ndugu. Katika miradi ya nyumba inayosaidiwa na serikali, anayefanya ukaguzi wa mwisho lazima asiwe na uhusiano na walioondoa rangi. Hata pasipolazimishwa na sheria, kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere.

Hatua ya sita: jifunze kuuliza

Mtoto akikutwa na risasi nyingi kwenye damu, mtathmini huitwa nyumbani. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, tangu Oktoba 2021 hutumia mikrogramu 3.5 kwa desilita kama alama ya kumtambua mtoto aliye juu ya wenzake. Katika nyumba zinazosaidiwa na serikali, mtoto wa chini ya miaka 6 akithibitishwa kuwa na kiwango cha juu, uchunguzi wa mazingira yake unatakiwa kukamilika ndani ya siku 15. Uchunguzi huo unaanza na mahojiano. Hapo ndipo Kiswahili chako kinapokuwa kifaa cha kazi sawa na mashine.

Fomu itakuambia uulize kuhusu vipodozi na vitu visivyo chakula vinavyoliwa. Mchunguzi asiyejua lugha atauliza kwa mkalimani, "Je, mtoto anakula udongo?" na mama atakataa, tena kwa hasira, kwa sababu amesikia tusi. Wewe unajua namna ya kuingia.

"Mama, wakati wa mimba ulikuwa unatamani pemba?"

"Ah, pemba! Hata sasa niko nayo kwenye mfuko. Mutoto naye anaonjaonja."

Huko Kongo udongo huo wa kuliwa huitwa pemba au mabele, Kenya odowa, na unauzwa katika maduka ya vyakula vya Kiafrika ya miji mingi ya Marekani. Baadhi yake umekutwa na risasi. Vivyo hivyo wanja wa asili unaopakwa watoto machoni: aina zake nyingine ni jiwe la risasi lililosagwa. Ukiuliza "vipodozi" hutaambiwa; kwa mzazi, wanja ni kinga na baraka. Uliza wanja, uliza umetoka wapi, nani aliuleta. Uliza sufuria za kienyeji za kusubu, viungo vilivyoletwa kwenye sanduku la msafiri, kazi ya baba. Je, anafungua betri? Anarudi na nguo za kazi akambeba mtoto?

Yote haya yamo katika saa zile 16 chini ya kichwa cha vyanzo vingine vya risasi. Lakini darasa litakupa kichwa cha habari tu. Maneno ya nyumbani unayaleta wewe. Kisha rudi dirishani ukapime, kwa sababu kupata pemba jikoni hakuifuti rangi iliyo ukutani. Mtoto mmoja anaweza kuwa anapata sumu kwa njia mbili, na mwenye nyumba atafurahi sana kusikia kwamba kosa ni la mama peke yake.

Hatua ya saba: kukitunza cheti

Kwa utaratibu wa shirikisho, cheti huhuishwa kwa kozi ya marudio ya saa 8 kwa kila fani. Kikitolewa kwa mafunzo yenye mtihani wa umahiri kinadumu miaka 5. Bila huo, miaka 3. Majimbo mengine yana muda mfupi zaidi. Weka kikumbusho miezi mitatu kabla, kwani madarasa ya marudio hujaa. Na usifanye kazi hata siku moja kwa cheti kilichokufa, maana ripoti ya siku hiyo inaweza kukataliwa.

Kabla hujatoa pesa

Piga simu chuoni, uwe na kalamu:

- Mmeidhinishwa kwa fani hii, katika jimbo langu, hadi lini?
- Saa ngapi za vitendo, na wanafunzi wangapi wanashirikiana mashine moja?
- Ada inajumuisha mtihani wa pili, au nitalipa kando?
- Nikiugua siku ya tatu, naweza kuendelea na kundi lijalo?
- Wahitimu wenu hupata kazi kwa nani?

Kisha piga simu kwa kampuni moja au mbili za mji wako uulize kama wanaajiri mkaguzi mpya, na kama wanalipia mafunzo. Miji inayopata ruzuku za serikali za kusafisha nyumba kuukuu mara nyingi huhitaji watu, na mtu anayeweza kuzungumza na wapangaji bila mkalimani huwa na thamani ya ziada.

Siku ya kazi ya kwanza, ukisimama sebuleni kwa yule mama wa Lewiston, usianze na neno risasi. Anza na dirisha. Lipandishe, ulishushe, umwonyeshe vumbi jeupe lililodondoka kwenye ubao. Mwambie ndani ya vumbi hili mna madini yanayodhuru ubongo wa mtoto, na kwamba umekuja kuyapima. Halafu vaa glavu mpya, uweke fremu chini.